Betri Ipo, Mashine Haiioni

Daftari hili nimelikuta chini ya kabati nilipokuwa nikitafuta kitu kingine. Ni la mwaka wa tisini na tisa, mwaka wa mgao wa umeme. Ukurasa huu naunakili kama ulivyo. Matusi tu nimeyapunguza.

Likoni, Alhamisi, baada ya Magharibi.

Jua limetuchoma tangu saa moja asubuhi na hakuna wingu hata la kusingizia. Mvua ya vuli imegoma. Mvua isiponyesha huko bara kwenye mabwawa, sisi wa pwani ndio tunaozimiwa taa. Sijui nani aliyepanga hesabu hiyo, ila natumaini leo naye ameshinda bila feni.

Nina hasira. Naandika kwa kalamu, na karatasi imeshatoboka mara mbili.

Nianze na kesho, maana yote ya leo yametoka kwa kesho. Kesho saa tatu asubuhi nangojwa Changamwe, kwenye yadi ya makontena ya kampuni moja ya kutoa mizigo. Wanataka karani wa yadi. Karani wao wa zamani alikuwa akiandika nambari za makontena kwa mkono, kisha msichana wa ofisini anazipiga upya kwenye kompyuta, na kati ya mkono wake na macho ya msichana kontena moja la magodoro likafika Kampala kwa mtu aliyeagiza matairi. Sasa wanataka mtu mmoja mwenye kompyuta yake ya kubeba, asimame jua kali katikati ya yadi, aingize nambari papo hapo. Huko yadini hakuna soketi. Sharti lao ni moja: mashine ifanye kazi saa mbili bila waya. Kesho watanijaribu hivyo, saa mbili, bila waya.

Nina miaka thelathini na minane. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye ubaraza wa duka karibu na posta nikiwapigia watu barua kwa taipureta: maombi ya kazi, malalamiko ya mashamba, barua za mapenzi zenye nakala mbili; ndiyo maana mtaani huniita karani. Taipureta inakufa. Utepe wenyewe siku hizi unautafuta kama dawa. Nisipopata yadi hii, sijui mlango mwingine.

Mashine aliniletea binamu yangu baharia. Ni ya mitumba, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Imezaliwa Ujerumani na mpaka leo husema Kijerumani. Kompyuta nimejifundisha mwenyewe, kwa kitabu kimoja kisicho na jalada, na Kijerumani chake nimekijua kwa kubahatisha, kama vijana wa ufukweni wanavyokijua. Nikibonyeza neno na kitu kizuri kikatokea, nalikumbuka. Kibaya kikitokea, nalikumbuka zaidi.

Asubuhi ya leo, saa kumi na mbili, kabla hawajazima, nilitia betri, nikachomeka waya, nikawasha. Pembeni mwa kioo huwa pana picha ndogo ya betri. Leo ilikuwepo, imepigwa msalaba mwekundu. Nikaibonyeza. Mashine ikaniandikia maneno mawili ya Kijerumani ambayo sikuwa nimewahi kuyaona, lakini sikuhitaji mkalimani.

Hakuna betri.

Hakuna, na nimeitia kwa mkono wangu! Nimeisikia ikilia ta, kama kitasa.

Nikazima, nikaitoa, nikahesabu mpaka mia, nikairudisha. Hakuna betri. Nikaipuliza kama mtu anavyompuliza mtoto jicho lililoingia mchanga. Hakuna betri. Nikaipiga kofi, kofi la heshima, lile tunalolipiga redio ikikwaruza wakati wa taarifa. Hakuna betri. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikabonyeza kila kilichobonyezeka, mpaka saa ya mashine ikabadilika ikawa ya Berlin, lakini betri haikuonekana. Saa mbili kasoro wakazima umeme. Mashine ikakata roho papo hapo. Betri iliyo ndani yake haikumsaidia mwenziwe hata kidogo.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta wa kulaumu. Kwa kazi hiyo huwa sihitaji umeme.

Mtu pekee aliyeishika mashine wiki hii ni Fundi Shee. Ana kibanda chake cha mbao kwenye mteremko wa kwenda kivukoni, hutengeneza redio, pasi, feni, na sasa kompyuta, maana naye amejifundisha mwenyewe. Nilimpelekea Jumatatu kwa sababu bawaba ya kifuniko ilikuwa imelegea, kioo kinaanguka nyuma kama mlevi. Jana alasiri nikaenda kuichukua. Akaniambia, "Iwashe kwanza uione." Mimi nilikuwa nakimbilia sala. Nikamwambia, "Shee, wewe nakuamini." Nikaondoka.

Leo asubuhi neno hilo lilinirudia likiwa na ladha nyingine kabisa. Mbona alitaka niiwashe? Mbona mimi mjinga sikuiwasha? Nikajenga kesi yangu njiani, hatua kwa hatua, na nilipofika kibandani nilikuwa nimeshamaliza mashahidi na hukumu.

Palikuwa na watu. Mama mmoja wa buibui aliyeleta pasi. Mzee mmoja na redio yake imefungwa mpira wa baiskeli. Wasukuma mikokoteni wawili wakila viazi karai kwa Mama Kadzo, ambaye meza yake imegusana na kibanda cha Shee, kiasi kwamba vitu vyote vinavyotengenezwa pale hurudi nyumbani vikinuka pilipili na ndimu.

Nikatoa salamu kwa namna ya mtu asiyetaka kujibiwa.

"Waaleikum salaam, karani! Bawaba imelegea tena?"

"Bawaba iko. Betri ndiyo haiko."

"Haiko vipi, na naiona mkononi mwako?"

Wasukuma mikokoteni wakacheka. Hapo moto ukaanza kupanda.

Shee akaipokea betri, akatoa mita yake, akagusa meno ya betri kwa zile ncha mbili. Sindano ikapanda mpaka juu. "Ina moto huu, tazama. Iko hai kuliko mimi. Basi mashine ndiyo haiioni. Niachie. Umeme ukirudi nitaitazama vizuri." Kisha akaisogeza puani, akanusa, akainusa na mashine. "Na hii mbona yanukia udi? Athmani, umeioa?"

Wakacheka wote sasa, mpaka mzee wa redio.

Najua sasa kwamba sentensi ile ndiyo iliyokuwa jibu. Fundi alikuwa ameushika ugonjwa kwa pua yake. Mimi nilichokisikia ni mtu anayenibadilishia mazungumzo.

"Shee, usinicheke. Betri yangu iko wapi?"

"Si hii?"

"Hii si yangu. Yangu mashine ilikuwa ikiiona. Umeichukua ile nzima, ukanitilia hii uliyoiokota jaani!"

Wasukuma mikokoteni wakaacha kutafuna. Hata mafuta ya Mama Kadzo nadhani yaliacha kuchemka. Ningeweza kuishia pale. Sikuishia. Nikageuka nikawaambia wale watu, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kusoma risala shuleni, kwamba wahesabu vyuma vyao kabla ya kuondoka, kwamba mtu akiacha kitu hapa hurudishiwa ganda.

Shee hakupandisha sauti. Aliweka bisibisi mezani, polepole, kama aliyechoka nayo. "Jana uliniambia waniamini."

"Jana nilikuwa sijajua."

"Haya. Chukua mashine yako. Wallahi sitaki hata bawaba ile uilipe. Ichukue tu, maana ikikaa hapa dakika moja zaidi utasema na kioo si chake."

Mimi na Shee tulisoma chuo kimoja cha Kurani, kwa mwalimu mmoja, mkeka mmoja. Nilipokuwa nakosea kusoma, yeye alininong'onezea, na mwalimu alipotusikia alipigwa yeye. Hilo sikulikumbuka pale. Nimelikumbuka baadaye, bila kualikwa.

Nilipokuwa nafunga mkoba nikamsikia yule mama wa buibui akisema, taratibu, kwa adabu zote, "Fundi, ile pasi yangu nipe tu kwanza. Nitairudisha siku nyingine." Shee akampa. Haikuwa imeguswa.

Mama Kadzo akanitupia neno mgongoni: "Karani leo umekula pilipili bila kiazi!"

Nakiri jambo hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo. Nilipanda ule mteremko nikijiona mrefu. Kuna raha katika kuwa na haki mbele za watu, na raha hiyo haikuulizi kama haki yenyewe unayo.

Nyumbani nikafanya nini? Nikaianika betri juani.

Ndiyo. Mtu aliyesoma kitabu cha kompyuta mara mbili amepanda juu ya ndoo akaweka betri ya kompyuta kwenye bati la banda la kuku, kama tulivyokuwa tukianika mawe ya redio wakati wa mpira ili yapate nguvu ya kipindi cha pili. Mita imeshasema betri imejaa, na mimi naipeleka juani ikanywe nguvu. Kuku wote wakatoka kutazama.

Mama alikuwa uani, kivulini, na kofia yake anayoitoboa vitundu. Ana macho ya kutoboa kofia tundu kwa tundu, na ana masikio ya kusikia bati likilia.

"Athmani, mbona waianika yuani? Itatoka harufu."

"Harufu gani, Mama?"

"Ya udi. Nimeifukiza jana ulipokwenda dukani. Ilikuwa yanuka risasi ya kuchomelea ya fundi na viazi vya yule mama. Na kesho wenda mbele za watu, wende na kitu chanuka jikoni? Nimeitia kwenye tenga la kufukizia nguo, yenyewe na hilo tofali lake, nikaweka chetezo tini, nikafunika na kanga mbili. Moshi usitoke."

Nilikuwa bado juu ya ndoo.

"Udi gani, Mama?"

"Ule wa sukari, nilioupika kwa harusi ya dada yako. Ule mzuri. Wadhani nitakutilia wa dukani?"

Asiye wa kwetu hatajua, kwa hiyo naandika. Udi wa harusi hupikwa kwa sukari na marashi mpaka unashikana kama halua. Ukiutia kwenye makaa hutoa moshi mzito, mtamu, unaoshika nguo ya bwana harusi wiki nzima bila kutoka. Hiyo ndiyo sifa yake, unashika. Na tofali alilolisema Mama ni betri. Mimi kila jioni huitoa kwenye mashine na kuilaza kando kwenye rafu, kama tunavyotoa mawe ya redio yasije yakavuja ndani. Nikijiona mtu mwangalifu sana! Kwa uangalifu wangu ilikuwa nje jana, meno yake wazi, na tundu lake kwenye mashine wazi, vyote viwili tayari kufukizwa.

Nikashuka. Nikaishika betri, na kwa mara ya kwanza leo nikavaa miwani nikaitazama. Sikuwa nimeitazama. Niliipuliza, niliipiga, niliishitaki, sikuitazama. Ina meno matano. Mawili ya pembeni ni ya kupitishia umeme. Matatu ya katikati ni madogo, na kitabu changu kinasema hayo ndiyo yanayoiambia mashine, mimi ni betri, nipo. Yasiposema, mashine haichukui umeme hata kama betri imejaa. Meno hayo ni ya rangi ya dhahabu. Leo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa. Nikagusa kwa kidole. Kikanata.

Ncha za mita ya Shee ni kali kama sindano, zilipenya ule utando. Mashine haichomi. Inagusa kwa upole, inauliza kuna mtu, na inajibiwa na sukari.

Nikamtazama Mama. Amekaa kwenye kigoda, kofia gotini, uso ni wa mtu aliyefanya jambo zuri na anangoja lishukuriwe. Alichoma udi wa harusi ya binti yake kwa ajili ya kazi ya mwanawe.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Ulikuwa na mengi ndani.

"Ahsante, Mama," nikasema.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipopotea njia, na mpaka sasa haijaipata. Hasira niliyommwagia Shee ingetosha mtaa mzima wa Mtongwe na ikabaki ya kupeleka ng'ambo. Shee hakuwa na kosa na sikuwa na ushahidi. Mama ana kosa, amelikiri bila kuulizwa, na tone moja halikutoka. Haki gani hiyo? Mtu anayepigiwa kelele ni yule ambaye tunadhani atavumilia, na wa kubebwa ni yule ambaye hatuwezi kumtazama akihuzunika. Na mimi ndiye ninayewaandikia watu barua za malalamiko, naanza na maneno, kwa heshima na taadhima.

Nikanunua spiriti kwenye duka la dawa. Nikasugua meno kwa pamba, jino moja moja, nikamalizia kwa ufutio wa penseli mpaka dhahabu ikarudi. Tundu la mashine nikaliingilia kwa mswaki wa zamani. Pamba ilitoka ya kahawia na ikinukia vizuri mno, Mungu anisamehe.

Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro. Nikachomeka, nikawasha, nikangoja huku nimeshika meza.

Picha ya betri ikatokea. Nzima, imejaa, bila msalaba. Nikauchomoa waya. Mashine ikaendelea kuwaka, inasema Kijerumani chake, hana habari mwenzangu na yote yaliyopita. Nikaiacha nusu saa nzima hivyo, nikaipigia nambari za uongo za makontena, ikaingiza zote.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Si nalikwambia? Udi wangu haujawahi kuniangusha."

Hajaniambia kitu, lakini leo si siku yangu ya kubishana na mtu kuhusu nani alisema nini.

Nikatembea mpaka kwa Shee, na betri mfukoni. Kibanda kimefungwa. Saa kumi na moja na nusu, saa ambayo watu wanashuka kutoka kazini na vitu vyao vibovu mikononi, kufuli liko mlangoni. Mama Kadzo alikuwa akifuta meza.

"Amefunga tangu saa nane," akasema kabla sijauliza. "Ametengeneza feni moja, akaitazama, akafunga."

"Mama Kadzo, betri ni ile ile. Ilikuwa yangu. Kosa limetoka nyumbani kwangu."

Akaacha kufuta. Nikamweleza yote, udi, tenga, kanga mbili. Nilitaraji acheke. Hakucheka, mpaka nilipofika kwenye bati la kuku, hapo akacheka kidogo kwa pua.

"Sasa waniambia mimi?"

"Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na wengine walikuwepo. Asubuhi ulisema ukisikika mpaka kwenye mikokoteni, jioni hii waja kuninong'oneza kwenye viazi. Karani, ukisema na mimi ni sawa na kusema na sufuria. Yule mama wa pasi ameshafika kwao na maneno yako. Na mzee wa redio alirudi kuitaka, akakuta kufuli; amesema kesho asubuhi mapema anakuja kuitoa redio yake kabla haijawa ganda. Neno lako hilo, ganda. Siku nzima watu walikuwa wakilisema."

Nikapita nyumbani kwa Shee. Mkewe akajibu kupitia mlango, hakuufungua. "Amelala, shemeji." Ilikuwa kabla ya Magharibi. Shee hajalala saa hiyo tangu azaliwe, labda siku aliyozaliwa. Nikasimama pale na betri yangu mfukoni, inapata joto la paja. Nikasema kwa mlango, "Mwambie betri ni yangu." Nikaondoka. Hata mimi nilijua nimesema kitu kidogo kwa mahali pasipo na watu.

Nimekaa sasa na hesabu hii. Shee hufungua saa mbili na nusu. Mzee wa redio atakuwa pale mlango ukifunguliwa. Yadi ni saa tatu, Changamwe, kivuko na kisiwa kizima kati yetu. Nikitaka kufika kwa saa yao, saa moja na nusu niwe nimeshavuka, na Shee bado yuko kwao. Nikirudi baada ya yadi, itakuwa Ijumaa mchana, kibanda kimefungwa kwa sala, redio imekwenda, na pengine na pasi nyingine na feni nyingine.

Nimejaribu kujidanganya. Nimejiambia Shee ni mtu mzima, ataelewa, ningoje Jumamosi niende na kilo ya halua. Nimejiambia nimwandikie barua, kwa heshima na taadhima. Nimejiambia watu wa Likoni husahau. Hawasahau. Mimi mwenyewe bado namkumbuka kwa jina mtu aliyesingiziwa kuku nikiwa darasa la tatu, na sikumbuki nani aliyemsingizia.

Nasi mafundi wa kujifundisha wenyewe hatuna cheti cha kutundika ukutani. Tuna jina tu. Langu kesho Changamwe litakuwa betri. La Shee ni watu kumwachia vitu vyao na kwenda kuswali.

Basi nimeamua, na naandika ili kesho nisijifanye sikuamua.

Saa mbili na nusu nitakuwa kwenye mteremko. Nitaiweka mashine juu ya meza ya viazi, niiwashe bila waya mbele ya mzee wa redio na wa mikokoteni na yeyote atakayekuwepo, na nitasema kwa sauti ile ile ya risala kwamba Fundi Shee hakuniibia kitu, kwamba nilimwita mwizi, na mwongo nilikuwa mimi. Nitaeleza na udi. Watacheka, watacheka sana, na kwa mwaka mmoja nitaitwa bwana harusi wa kompyuta. Wacheke. Kisha nitamwomba yule mzee airudishe redio mezani, nami sitaondoka mpaka ameirudisha.

Wakati huo yadi itakuwa inatazama saa.

Huenda wakanifungia geti. Kuna mtu mwingine wa kujaribiwa kesho, nimemsikia, wa kutoka Kisauni, mashine yake mpya, Kiingereza kitupu. Nina hasira naye pia, na sijawahi kumwona.

Wakinifungulia na kuniuliza kwa nini nimechelewa, sitasema kivuko. Kila mtu wa Likoni akichelewa husema kivuko, hata siku ambazo kivuko kimewahi kuliko yeye. Nitasema nilipita mahali kurudisha kitu cha mtu.

Mama anaita. Makaa yameshika, chetezo kiko tayari, anataka shati la kesho.

Shati nitampa. Betri nalala nayo.